Vipendwa vya waonjaji wa wiski: Kipi kililipa, kipi hakikulipa

WAFANYABIASHARA na wawekezaji wadogo wanaovutiwa na soko la wiski adimu wanashauriwa kuangalia kwanza idadi ya chupa zilizopo, ndipo waangalie alama alizotoa mwonjaji. Rekodi za zaidi ya miaka 30 zinaonyesha kuwa wiski inayopendwa na ulimi wa mtaalamu siyo lazima iwe ndiyo itakayomlipa aliyeiweka kabatini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa miaka miwili iliyofuatana. Novemba 2014, mwonjaji wa Uingereza, Jim Murray, alitangaza kuwa wiski bora ya dunia katika kitabu chake cha mwaka 2015 ilikuwa Yamazaki Sherry Cask 2013 ya Japani. Aliipa alama 97.5 kati ya 100. Novemba 2015, Murray huyo huyo aliitangaza Crown Royal Northern Harvest Rye ya Kanada kuwa bora ya dunia. Nayo aliipa alama 97.5.

Mwamuzi alikuwa mmoja na alama zilikuwa zile zile. Lakini aliyenunua Yamazaki kwa bei ya dukani alikuja kuuza kwa maelfu ya pauni, na aliyejaza stoo kwa Crown Royal alibaki na bidhaa ambayo baada ya muda ilirudi dukani kwa bei ya kawaida. Tofauti ya wiski hizo mbili haikuwa katika ladha.

Kazi ya mwonjaji

Biashara ya kuonja si ngeni Afrika Mashariki. Katika mnada wa chai wa Mombasa na ule wa kahawa wa Moshi, bidhaa huonjwa kabla ya kupigiwa bei. Mwonjaji wa chai huvuta funda moja kwa kishindo, hulizungusha mdomoni, hulitema, kisha huandika. Neno lake lina uzito katika bei kwa sababu mnunuzi anataka chai hiyo ili auze ikanywewe.

Wiski nayo huonjwa kwa namna hiyo hiyo. Mwonjaji hutumia glasi ndogo yenye mdomo mwembamba, hunusa kwanza, huonja kidogo, huongeza matone ya maji ili harufu ifunguke, kisha huonja tena na kuandika. Wanaoonja nyingi kwa siku moja hutema, maana pombe ikishapanda kichwani hakuna tena hukumu ya haki.

Tofauti inakuja baada ya hapo. Chai iliyonunuliwa Mombasa itanywewa katika muda mfupi. Chupa ya wiski adimu inaweza kuuzwa mara nne au tano pasipo kufunguliwa. Mnunuzi wa namna hiyo hanunui ladha. Ananunua matumaini kwamba atatokea mwingine wa kuitaka kwa bei ya juu zaidi.

Vipendwa vya Michael Jackson

Aliyeanzisha utaratibu wa kuipa wiski alama kwa wasomaji wa kawaida ni Michael Jackson. Huyu si mwimbaji wa Marekani, bali mwandishi wa habari wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2007. Alianza kujulikana kwa kitabu chake cha bia cha mwaka 1977. Mwaka 1989 alitoa kitabu cha mwongozo wa wiski za kimea za Uskoti, ambamo kila wiski ilielezwa kwa harufu, ladha na namna inavyomalizikia kooni, na mwisho ikapewa alama. Vitabu na karatasi zake sasa vimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Oxford Brookes.

Wakati ule sehemu kubwa kabisa ya wiski ya Uskoti ilinywewa ikiwa ya kuchanganywa, yaani kimea cha viwanda vingi kikiunganishwa na wiski nyepesi ya nafaka nyingine. Ndizo chapa zilizozoeleka katika baa na mahoteli ya Nairobi na Dar es Salaam. Wiski ya kimea ya kiwanda kimoja, ambayo hutengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa peke yake, ilikuwa na wanywaji wachache. Mwaka 1988 kampuni ya United Distillers ilianza kuuza kwa pamoja wiski sita za namna hiyo kutoka sehemu mbalimbali za Uskoti: Dalwhinnie, Talisker, Cragganmore, Oban, Lagavulin na Glenkinchie. Kitabu cha Jackson kikaja mwaka uliofuata, na mnunuzi akapata bidhaa pamoja na mwongozo.

Vipendwa vyake havikuwa siri. Macallan iliyokomaa katika mapipa yaliyokuwa na mvinyo wa sheri wa Hispania ilipata alama za juu kabisa kwake. Highland Park ya visiwa vya Orkney aliisifu kuwa ndiyo inayoweza mambo yote kwa pamoja: moshi, utamu na ulaini. Rosebank aliihesabu kuwa bora kuliko zote za ukanda wa chini wa kusini. Na Lagavulin ya miaka 16, kutoka kisiwa cha Islay, aliipa alama 95.

Islay ndiko zinakotoka wiski za moshi mzito. Huko shayiri hukaushwa kwa moto wa udongo mweusi wa kinamasi, ambao hukatwa vipande, hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Moshi wake huingia kwenye nafaka na hautoki tena. Wapo wanaosema wiski hiyo inanuka dawa ya hospitali, na wapo ambao wakiizoea hawataki nyingine. Alama 95 za mtaalamu hazimlazimishi mtu kuipenda.

Lagavulin yaadimika

Kilichoipata Lagavulin ni somo la kwanza kwa mfanyabiashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya Uskoti vilikuwa na wiski nyingi kuliko wanywaji. Uzalishaji ukapunguzwa, na Lagavulin haikufanya kazi kwa uwezo wake wote. Hakuna aliyelalamika, kwani hapakuwa na wateja.

Miaka 16 baadaye wateja walikuwapo. Sifa zilikwisha kuenea, kitabu cha Jackson kilikuwa mikononi mwa watu, na maduka yalitaka mzigo. Lakini wiski ya miaka 16 inayouzwa mwaka 2000 ilipaswa kuwa imetiwa kwenye pipa mwaka 1984 au kabla. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Lagavulin ya miaka 16 ikawa adimu madukani.

Hapa pana jambo ambalo bidhaa nyingine hazina. Mahitaji ya sukari yakizidi, meli huagizwa. Mahitaji ya wiski ya miaka 16 yakizidi, hakuna cha kufanya ila kusubiri miaka 16. Zaidi ya hapo, wiski iliyo ndani ya pipa hupungua, kwani kila mwaka kiasi cha asilimia 2 hutoka kwa mvuke kupitia ubao wa mwaloni. Waskoti huita sehemu hiyo fungu la malaika. Kwa miaka 16, zaidi ya robo ya kilichotiwa huwa kimekwenda.

Hata hivyo, Lagavulin haikufungwa. Kiwanda kiliendelea, mapipa ya miaka iliyofuata yakakomaa, na chupa zikarudi. Aliyeipenda kwa kunywa alivumilia na akaipata. Aliyenunua makasha ya kuficha ili auze ghali alikuwa na muda mfupi wa kufanya hivyo kabla mzigo mpya haujafika.

Yamazaki na Crown Royal

Kisa cha Yamazaki kina asili inayofanana na hicho. Kiwanda cha Yamazaki, karibu na Kyoto, kilianzishwa mwaka 1923 na Shinjiro Torii. Msimamizi wake wa kwanza alikuwa Masataka Taketsuru, ambaye alikwenda Uskoti mwaka 1918 kujifunza kazi hiyo. Unywaji wa wiski nchini Japani ulifikia kilele mwaka 1983, kisha ukashuka kwa karibu robo karne. Viwanda vikapunguza uzalishaji.

Kwa hiyo sifa za dunia zilipofika Novemba 2014, ghala za Japani hazikuwa na akiba kubwa ya wiski kongwe. Yamazaki Sherry Cask 2013 yenyewe ilikuwa toleo la mara moja. Taarifa za wakati ule zilitaja chupa zipatazo 18,000 kwa dunia nzima, na bei yake Uingereza ilikuwa kama pauni 100. Tangazo lilipotoka chupa hizo zilikuwa zimekwisha kusambazwa, nyingine zimekwisha kunywewa. Waliobaki nazo waliziona zikipanda minadani hadi maelfu ya pauni.

Moto huo ulizishika na chapa nyingine za Japani. Mwaka 2015 kampuni ya Nikka iliondoa sokoni wiski zake za Yoichi na Miyagikyo zilizokuwa na umri ulioandikwa kwenye lebo. Mwaka 2018 Suntory ilisimamisha uuzaji wa Hakushu ya miaka 12 na Hibiki ya miaka 17. Sababu ilikuwa moja: mapipa ya umri huo hayakutosha.

Crown Royal Northern Harvest Rye ilikuwa jambo jingine kabisa. Hutengenezwa Gimli, mkoani Manitoba, katika kiwanda kikubwa, na ni chapa ya kila siku. Nchini Marekani chupa yake iliuzwa kwa kama dola 30. Tangazo la Novemba 2015 lilipotoka, maduka mengi ya Kanada yaliishiwa ndani ya siku chache, na walanguzi wakaanza kupandisha. Lakini haikuwa na umri wa miaka mingi kwenye lebo na haikuwa toleo la mara moja. Kiwanda kiliendelea kuijaza, malori yakafika, na rafu zikajaa. Mlanguzi aliyechelewa kuuza alibaki na makasha ya wiski nzuri ya kunywa.

Mwenye mtaji mdogo anaweza kujiuliza maswali matatu kutokana na visa hivi. Je, kiwanda kinaweza kutoa nyingine kama hiyo? Kama kinaweza, kitachukua muda gani? Na je, zilizopo zinanywewa au zinafichwa? Alama ya mwonjaji haijibu hata moja.

Viwanda vilivyofungwa

Vipendwa vilivyolipa kuliko vyote vilitoka katika viwanda vilivyokufa. Mwaka 1983, wakati wa mlundikano ule wa wiski, kampuni ya DCL ilifunga viwanda vingi vya Uskoti. Miongoni mwao vilikuwamo Port Ellen cha Islay na Brora cha pwani ya kaskazini mashariki. Rosebank kilifungwa mwaka 1993.

Port Ellen haikuwa na jina kubwa ilipokuwa hai. Kazi yake ilikuwa kutoa wiski ya moshi ya kutilia katika chapa za kuchanganywa. Waliokuja kuipenda ni waonjaji wa miaka ya 1990 na kuendelea, walipokuta mapipa yaliyosahauliwa yamekomaa vizuri. Kampuni ya Diageo, iliyorithi mapipa hayo, ilianza kutoa toleo moja kila mwaka kuanzia 2001. Toleo la kwanza liliuzwa kwa pauni 100 na ushee. Toleo la 2014 liliwekwa dukani kwa zaidi ya pauni 2,000.

Aliyenunua toleo la mwaka 2001 kwa sababu aliipenda alipata faida ambayo hakuitafuta. Aliyenunua la 2014 kwa sababu ameona la 2001 limepanda alikuta kampuni yenyewe imekwisha kujichukulia sehemu kubwa ya faida hiyo kwenye bei ya dukani. Jambo hili huwapita wengi. Mwenye mali naye husoma orodha za vipendwa, na huziangalia bei za minada kila wiki.

Mwaka 2017 Diageo ilitangaza kuvifufua Port Ellen na Brora kwa gharama ya pauni milioni 35. Mwaka huo huo Rosebank nacho kilipata mnunuzi. Brora kilifunguliwa mwaka 2021, Rosebank kilianza tena kukeneka mwaka 2023, na Port Ellen kilifunguliwa Machi 2024. Wiski mpya za viwanda hivyo hazitaongeza hata chupa moja katika akiba ya zamani. Lakini jina ambalo soko lililiuza kama la marehemu sasa lina mrithi, na mnunuzi wa leo hana budi kuliweka hilo katika hesabu zake.

Bei bila ladha

Juu kabisa ya soko ipo Macallan ya mwaka 1926. Pipa hilo moja, namba 263, lilitiwa kwenye chupa mwaka 1986 baada ya miaka 60, zikapatikana chupa 40 tu. Oktoba 2019 moja iliuzwa London na Sotheby's kwa takriban pauni milioni 1.5. Novemba 2023 nyingine, yenye lebo iliyochorwa na msanii wa Italia Valerio Adami, iliuzwa na Sotheby's hiyo hiyo kwa zaidi ya pauni milioni 2.1.

Ni watu wachache mno duniani waliowahi kuionja. Bei yake imepandishwa na idadi, lebo na historia. Kwa hiyo si haki kuiweka kwenye orodha ya vipendwa vya waonjaji, na si haki kuitumia kama kipimo cha chupa ya kawaida. Muuzaji anayemwonyesha mteja mdogo picha ya chupa hiyo ili amuuzie kitu kingine anapaswa kutiliwa shaka.

Bei kubwa pia huwavuta waghushi. Mwaka 2017 mgeni wa hoteli moja ya St. Moritz, Uswisi, alilipa karibu faranga 10,000 kwa kipimo kimoja tu cha wiski iliyoandikwa Macallan 1878. Vipimo vya maabara vilionyesha kuwa kilichokuwamo kilitengenezwa miaka ya 1970 mwanzoni, na kwamba kilikuwa mchanganyiko wa kimea na nafaka nyingine. Hoteli ilimrudishia fedha zake. Desemba 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa chupa 55 za wiski adimu za Uskoti uliofanywa na maabara ya vyuo vikuu vya huko. Chupa 21 zilikuwa za bandia.

Somo la Pattison na la 2023

Wapo wanaodhani wiski haiwezi kushuka bei. Historia inakataa. Miaka ya 1890 ndugu wawili wa Leith, Robert na Walter Pattison, waliliendesha soko la Uskoti kwa mikopo na matangazo. Inasimuliwa kuwa waligawa kasuku 500 wa kijivu, ndege wa misitu ya Afrika, waliofundishwa kutamka jina la wiski ya Pattison ndani ya baa. Kampuni yao iliuza hisa mwaka 1896 na kuanguka Desemba 1898. Mwaka 1901 ndugu hao walihukumiwa kifungo kwa udanganyifu. Kuanguka kwao kuliangusha na wengine, na baada ya Glen Elgin, kilichokuwa kinajengwa wakati ule, eneo la Speyside halikupata kiwanda kipya kwa zaidi ya miaka 50.

Katika miaka ya karibuni, fedha nyingi ziliingia kwenye wiski adimu hadi mwaka 2022, kisha zikaanza kutoka. Kipimo cha bidhaa za anasa cha kampuni ya Knight Frank kilionyesha wiski adimu ikishuka kwa asilimia 9 mwaka 2023. Walionunua miaka kumi nyuma bado walikuwa na faida. Walioingia kileleni kwa sababu ya orodha za vipendwa walikuwa na hasara, tena kabla ya kutoa kamisheni ya mnada, ambayo hukatwa kwa muuzaji na kuongezwa kwa mnunuzi.

Aidha, chupa haizai chochote wakati inasubiri. Hisa inaweza kuleta gawio na nyumba inaweza kuleta kodi. Chupa huleta gharama ya kuhifadhi na bima. Na tofauti na wanavyodhani wengi, wiski haiendelei kukomaa ndani ya chupa. Ya miaka 12 ikifungwa leo itabaki ya miaka 12 hata ikikaa kabatini nusu karne.

Mapipa yanayouzwa kwa simu

Wawekezaji wadogo siku hizi hupigiwa simu au kuandikiwa wakiuziwa pipa zima. Hapa ndipo fedha nyingi zimepotea. Mwaka 2025 shirika la utangazaji la BBC lilitoa uchunguzi ulioonyesha watu waliopoteza akiba zao, na pipa moja likiwa limeuzwa kwa zaidi ya mtu mmoja.

Sheria za Uskoti zinapaswa kujulikana kabla ya kutoa hata senti. Wiski ya Uskoti hukaa katika pipa la mwaloni, ndani ya Uskoti, kwa muda usiopungua miaka 3, na nguvu yake ya kilevi isipungue asilimia 40. Pipa hukaa kwenye ghala lililo chini ya usimamizi wa forodha hadi ushuru ulipwe. Tangu Novemba 2012 wiski ya kimea ya kiwanda kimoja hairuhusiwi kusafirishwa nje ikiwa ndani ya pipa. Lazima itiwe kwenye chupa huko huko. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa Arusha au Mombasa hawezi kuagiza pipa lake lije alione.

Cheti chenye muhuri wa dhahabu si ushahidi wa umiliki. Kinachohesabiwa ni hati ya kuhamisha pipa ambayo muuzaji humwandikia mtunza ghala, na uthibitisho wa mtunza ghala mwenyewe kwamba pipa namba fulani sasa limo katika jina la mnunuzi. Asiyeweza kuandika kwa ghala na kupata jibu hana pipa. Vile vile ni lazima kuuliza kiasi kilichobaki ndani, nguvu yake, na kama jina la kiwanda linaruhusiwa kutumika kwenye lebo. Pipa lililoshuka chini ya asilimia 40 haliwezi tena kuuzwa kama wiski ya Uskoti.

Kuchagua kipendwa

Hayo yote hayana maana kwamba maoni ya waonjaji ni bure. Kwa mwenye duka, baa au hoteli, maoni hayo yana faida kubwa, kwani mteja wake anakunywa. Mwenye baa anayejua kueleza kuwa Talisker ina moshi na chumvi, na kwamba Dalwhinnie ni laini na ina harufu ya asali, atauza kuliko anayesema zote ni wiski.

Njia ya kupata ujuzi huo haihitaji mtaji mkubwa. Waonjaji wenye uzoefu huonja tatu au nne kwa mara moja, si zaidi. Mtu mwingine humimina ili mwonjaji asione lebo. Kila moja huandikwa kwa maneno ya vitu vinavyojulikana, kama ndizi mbivu, karafuu, ngozi, moshi wa kuni au tende. Kisha wiski zile zile huonjwa tena baada ya miezi kadhaa, na daftari hulinganishwa. Zile zinazopendwa mara mbili au tatu bila lebo kuonekana ndizo vipendwa vya kweli. Mara nyingi huwamo chupa ya bei ya kati ambayo hakuna anayeiota, na hukosekana moja au mbili za bei kubwa.

Daftari la namna hiyo lingeandikwa kwa safu mbili. Ya kwanza ingekuwa ya ladha, na kila mtu angeijaza kwa ulimi wake. Ya pili ingekuwa ya soko, yenye idadi ya chupa, hali ya kiwanda, bei ya mnada wa karibuni na kamisheni. Visa vya Yamazaki, Crown Royal na Port Ellen vinaonyesha kuwa safu hizo hukutana mara chache, na kwamba anayezichanganya ndiye hununua baada ya bei kupanda.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri wa wiki hii ni huu. Chupa ya kunywa inunuliwe kwa ladha, na bei yake ihesabiwe kuwa imekwisha kutumika. Chupa ya kuweka inunuliwe kwa fedha ambayo familia inaweza kukaa bila hiyo kwa miaka kumi, kutoka kwa muuzaji anayeweza kuthibitisha ilikotoka, na isinunuliwe katika wiki ambayo jina lake limetangazwa magazetini. Ama pipa, lisinunuliwe kabisa mpaka mtunza ghala ajibu.